Michezo ya Mezani, Nikiwa Edani

Jumamosi, 23 Julai 1994

Chausiku kaja asubuhi, hata viatu hakuvua. Najat, kesho unatoka! Kuna tamasha la michezo ya mezani, anasema, ukumbi wa jumuiya kule Temeke, wikiendi hii na ijayo. Bure. Keram, drafti, karata — na michezo mingine mipya ambayo sie hata majina hatuyajui. Kombe la Dunia limekwisha, watu hawana la kufanya, ukumbi utafurika.

Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele. Akauliza bila kuinua kichwa: tangu lini mtu aliye edani anakwenda tamashani? Chausiku akajitetea. Ni mchana, shangazi, mbele za watu, hakuna muziki. Mama akasema eda ya talaka si matanga, sawa, lakini si likizo pia.

Nikacheka. Mie! Kicheko kikanitoka tu, kama chafya. Mama akasimamisha ungo akanitazama muda mrefu. Nadhani ni kile kicheko ndicho kilichomlainisha.

— Haya. Lakini urudi kabla ya magharibi.

Chausiku tumekua naye hapahapa Mtoni. Mumewe Fakihi ni rafiki wa mume wangu Zahor tangu chuo cha Kurani, walikuwa wanapigwa bakora pamoja. Ndiyo maana tulikuwaga wanne. Kila Jumapili kwetu Kipawa, keram na ludo barazani, ndege zinapita juu mpaka kete zinatikisika kwenye ubao, na Manal chini ya meza anaokota kila kinachoanguka.

Basi nimeliandika jina. Manal. Mwanangu angetimiza miaka mitatu mwezi huu. Homa, degedege, kwisha. Tulimzika Ramadhani ikiwa inakaribia.

Na Zahor hakulia. Hakulia kabisa! Mwezi wa Mei natoka sokoni, nakuta kitanda chake kidogo hakipo. Kakibomoa, kakitoa. Hakuniuliza wala hakunieleza. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Yeye kasimama mlangoni, mkavu kama gogo, akasema: Najat, nimekuacha. Talaka moja. Akapanda baiskeli.

Nikarudi kwa Mama na begi langu na kofia zangu za kushona.

Ustadhi alikwishamweleza Mama vizuri. Mwezi wa kwanza umepita, wa pili umepita. Nikiona damu ya safari hii, nimetoka edani. Kabla ya hapo Zahor anaweza kunirejea kwa neno lake tu, hakuna mahari, hakuna ndoa mpya. Baada ya hapo ni mtu baki. Aanze posa kwa walii wangu, mwenye kuniozesha, kama kijana yeyote wa mtaani.

Hajaja. Wala sitegemei.


Jumapili, 24 Julai 1994

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi! Meza kila upande, na kila meza ina kabila lake. Wanafunzi wa Mlimani na sataranji zao, kimya, kama wako kwenye mtihani. Wahindi na keram, ubao unang'aa mpaka unaweza kujitazama. Mabaharia na domino, wanazibamiza kama wanapigana na meza. Mwenye shughuli yenyewe ni Mzee Fransis, mtu wa Songea, mfupi, kavaa sweta kwenye joto hili. Alikuwa mpishi wa meli miaka mingi. Wenzake bandarini walinunua redio na saa, yeye alinunua michezo. Mkewe alimwambia achague, yeye au maboksi! Akachekaaa. Sikuelewa kama alimaanisha kwamba mke aliondoka.

Chausiku kanivuta kwenye meza ya herufi. Mchezo wa Kiingereza, unapanga herufi kwenye ubao zinakuwa maneno. Mzee Fransis kaugeuza wa Kiswahili. Kakata vibao vya plaiwudi mwenyewe, Q na X kazitupa, A kaziongeza mpaka basi. Maana Kiswahili bila A si kitu. Chausiku akaandika "shonesha". Wanafunzi wakabisha. Akasimama mikono kiunoni: mie fundi cherehani, mnanifundisha neno langu? Wakampa pointi zake upesi.

Kisha meza ya dada mmoja wa Kizungu, mwalimu. Ana mchezo wa vipande vya mbao, mnavijenga mnara, kila mtu anachomoa kimoja cha chini anakiweka juu, mpaka uanguke. Tukamuuliza unaitwaje. "Jenga!" Tukadhani anatuamuru. Kumbe ndilo jina! Umetoka Ulaya na jina la Kiswahili, limeandikwa kwenye boksi. Nilicheka mpaka machozi. Nilikuwa nimesahau kwamba machozi yana namna hiyo pia.

Nikiwa nachomoa kipande, mikono imetulia kabisa, nikasikia sauti ya Fakihi mlangoni. Nikainua macho.

Zahor yuko nyuma yake.

Kakonda. Ndevu kaziacha. Ile shati ya michirizi ya buluu, kifungo cha pili kile nilichokishona na uzi mweusi kwa kukosa mweupe.

Nikamwangalia Chausiku. Chausiku anaangalia dari. Nikajua. Wamepanga wao wawili, mke na mume, na mie nimeletwa kama mbuzi.

— Asalaam aleikum, akasema Zahor. Kwa wote. Macho yake yako kwenye mnara.
— Waaleikum salaam.

Ndiyo hayo tu. Akaenda kukaa na mabaharia. Mie nikasema kichwa kinauma, tukaondoka. Njiani Chausiku kajaribu kusema kitu, nikamwambia anyamaze. Akanyamaza mpaka kwetu, na kwa Chausiku hiyo ni adhabu kubwa.


Jumatatu, 25 Julai 1994

Kofia moja siku nzima. Nimekosea tundu, nimefumua, nimekosea tena palepale.

Mbona kakonda vile? Anakula wapi?

Si shauri langu.


Alhamisi, 28 Julai 1994

Baba mdogo Salumu kaja. Nikatoka kumwamkia, shikamoo baba, marahaba, hujambo, nikarudi ndani. Lakini nyumba hii ukuta wake hauendi mpaka juu. Kila kitu nasikia.

Kuna mtu Bunju, anaitwa Marijani, kafiwa na mke, ana duka la mbao. Mtu mzima, mstaarabu, msikitini hakosi. Amemsikia Najat. Yuko tayari.

Mama akamkata hapohapo. Shemeji, mtu aliye kwenye eda ya rejea hachumbiwi! Bado ni mke wa mtu!

Baba mdogo akajibu, hana haraka, atasubiri atoke. Sauti yake ikapanda kidogo, nadhani alitaka nisikie. Marehemu kaka yangu hayupo, mimi ndiye walii. Mtu anayemwacha mke ambaye udongo wa kaburi la mwanawe haujakauka, huyo kwangu hagongi tena mlango. Hata aje na mahari ya dhahabu. Haozwi mtu hapa!

 Nikasikia Mama anamimina chai.

Baba mdogo si mtu mbaya. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea Manal, kwa sababu Zahor alishindwa kushuka. Alimpokea kama anapokea kitu cha kioo. Kwa hiyo siwezi kumchukia.

Lakini usiku na mchana nasikia lile neno. Hagongi tena mlango.


Jumamosi, 30 Julai 1994

Nimerudi ukumbini. Mama hakuuliza kwa nini nimejipaka wanja. Nami sikujiuliza.

Zahor alikuwepo kabla yetu.

Leo mzee mmoja wa Kihindi, miwani mizito kama chini ya chupa, anafundisha karata za watu wanne. Sikuwahi kuziona. Mnacheza wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mkabala. Na sharti kubwa — hakuna kusema! Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa. Unamwambia mwenzako ulichonacho kwa karata unayoitoa, basi. Ukifungua mdomo mnapoteza mkono mzima. Wenzi wanapatikana kwa kura. Vikaratasi vikatiwa kwenye kofia, Chausiku kajitolea kuishika kofia. Mie namjua huyu mwanamke! Sina haja ya kueleza nani alikaa mkabala wangu.

Mkono wa kwanza sikumtazama. Nilitazama vidole vyake. Anazipanga karata kama zamani, nyeusi kushoto, nyekundu kulia, ile kubwa anaigusa na kidole gumba bila kujua. Akatoa shupaza ndogo. Ndogo kabisa. Nikafikiri: Zahor hatoi ndogo bure, huyu anataka nishike mie. Nikashika. Nikarudisha kopa. Akatulia. Akaweka uru, na mie nikajua hana kopa hata moja, na ataila ya pili kwa turufu. Ikawa hivyohivyo.

Tukawafunga Chausiku na Fakihi. Tukawafunga wanafunzi wawili waliokuwa wanajisifu. Tukawafunga baharia na kijana wake. Watu wakaanza kusimama nyuma yetu. Sisi hata neno. Hata kope.

Mwisho yule mzee wa Kihindi akavua miwani, akaifuta, akasema kwa Kiswahili chake cha dukani: mchezo huu mimi fundisha miaka mingi, watu naelewana hivi mimi ona mara chache sana. Nyinyi bibi na bwana, eh? Zamani sana?

 Fakihi akaanza kukusanya karata ambazo hazikuhitaji kukusanywa.

Zahor akasema, "Ndiyo, mzee."

Ndiyo. Hakusema "tulikuwa". Akasema ndiyo.

Nimekaa hapa kitandani na kalamu, nafikiri. Baada ya Manal tuliishi nyumba moja tukisema mengi. Umekula? Maji yapo? Umeme umekatika tena. Na hatukusikilizana hata kidogo. Leo tumefungwa midomo na tumesikilizana kila kitu.

Naogopa kufurahi.


Jumapili, 31 Julai 1994

Niandike taratibu, nisipoteze chochote.

Siku ya mwisho ya tamasha. Mzee Fransis kafungua boksi ambalo anasema huwa halifungui mpaka siku ya mwisho. Ni kama ludo, lakini la duara, la watu sita, lilitoka Ujerumani. Kete za mti zilizochongwa, kila rangi na kichwa chake. Tukakaa sie wanne, na yeye Mzee Fransis, na yule dada wa Kizungu. Kila mtu akachukua rangi. Mie kijani. Chausiku nyekundu, alimnyang'anya mumewe. Zahor akabaki na manjano.

Tukacheza vizuri tu. Kelele, dadu zinaruka. Chausiku anaibia, kila mtu anaona. Kisha zamu ya Zahor. Akachukua kete yake ya manjano. Na kabla ya kuisogeza — akaifuta kwenye shati. Hapa kifuani. Mara mbili, mbele na nyuma. Akaiweka. Zamu yake ikarudi, akachukua nyingine, akaifuta tena.

Kete ilikuwa kavu! Haikuwa na kitu!

Manal alikuwa anatia kete mdomoni. Manjano siku zote, alipenda manjano. Sie tunacheza ludo, yeye kakaa miguuni kwa baba yake ananyonya kete, na Zahor kila zamu ikifika anamtoa kete mdomoni, anaifuta mate kwenye shati, anacheza, anamrudishia. Kila Jumapili. Shati zake zote zilikuwa na doa hapo, mie nikifua nagomba.

Mkono wake bado unafuta mate. Mwenyewe hajui.

Sikuweza kukaa. Nikasema naenda kunywa maji. Nikatoka barazani, nikaegemea nguzo, nikajifunika mtandio uso mzima. Nikasikia hatua. Zahor akasimama mbali, akiacha mahali pa mtu mwingine kupita. Watu wanatuona kutoka ndani.

— Mama Manal, akasema.

Hakuna anayeniita hivyo tena. Wote wameacha, wanadhani wananisaidia.

— Nimefanya nini? Nimekuudhi?
— Unafuta kete, nikamwambia. Baba Manal, unafuta kete.

Hakuelewa. Akatazama mkono wake. Kisha akatazama shati. Kisha akaelewa — na nikamwona anavyovunjika. Hakutoa sauti. Akachuchumaa palepale chini, mgongo ukutani, mkono umefunika macho, mabega yanatikisika. Mtu mzima, mchana, mbele ya ukumbi wa watu! Sikuweza kumgusa. Nikakaa chini kwenye ngazi, nikalia na mie. Fakihi akatokeza kichwa mlangoni, akarudi ndani haraka, akauvuta mlango.

Baadaye nikamuuliza kile nilichokuwa nacho kooni tangu Mei. Kitanda. Kwa nini?

 Akasema: ndege zikipita, kilikuwa kinagonga ukuta. Unakumbuka? Nikakumbuka. Kilikuwa chepesi, ndege kubwa ikishuka kinatikisika, tak tak tak. Na Manal akiamka asubuhi alikuwa anakitikisa vilevile, atolewe. Tak tak tak. Zahor akasema, kila ndege ikipita alikuwa anainuka kwenda kumtoa. Anafika mlangoni, anakumbuka. Kila ndege, Najat. Wewe ulikuwa umelala kwa vile vidonge vya usingizi walivyokupa. Nikaona nitapata wazimu. Nikakitoa, nikampelekea mama mmoja wa Kiwalani aliyejifungua mapacha.

— Kwa nini hukuniambia?
— Ulikuwa hunitazami.

Kweli, nilikuwa simtazami. Kila nikimtazama nilikuwa naona macho ya mwanangu.

— Na ile talaka?
— Ulipiga kelele mbele ya watu kwamba sikumpenda.  Nikatafuta neno la kunyamazisha, nikalipata lile.

Tukakaa. Ndani wakapiga makofi, sijui nani kashinda.

Kisha akasimama, akajipangusa suruali. Akasema, sitaki kukurudisha hapa barazani kama mtu anayechukua kiatu alichokisahau. Nilikuacha bila heshima, nataka nikurudishe kwa heshima. Ijumaa, baada ya sala, nitakuja kwa mama na Fakihi, na ami yangu kutoka Bagamoyo awe shahidi. Nitalitamka mbele yao.

Ulimi ukaniwasha. Sema sasa hivi! Hapa hapa! Hata kwenye ngazi, hata mbele ya mabaharia! Maana najua hesabu ya mwili wangu, na Ijumaa ni mbali. Lakini mwanamke anamwambiaje mwanamume jambo kama lile? Nikainamisha kichwa.

— Inshallah, nikasema. Karibu.

Ninaandika hivi na tabasamu, mpumbavu mie.


Jumatatu, 1 Agosti 1994

Nimemwambia Mama. Akanishika uso kwa mikono yake miwili, inanuka vitunguu. Akasema alhamdulillah. Mama anampenda Zahor, siku zote, hata nilipokuwa namlaani yeye alikuwa anakaa kimya. Kisha akaanza kupanga: Ijumaa pilau, kuku wawili, na juisi ya ukwaju.

Alipofika jikoni akasimama. Akageuka.

— Kwa nini hakutamka palepale?
— Anataka heshima, Mama.
— Heshima, akasema. Akaingia jikoni.


Jumatano, 3 Agosti 1994

Mgongo unauma. Hapa chini, kiunoni.

Chausiku kapita na futi yake ya kupimia shingoni. Nikamwambia. Akaelewa hapohapo, wanawake hatuhitaji maelezo. Akasema: nimwambie Fakihi amlete Zahor leo? Saa hii? Mie nitamwambia tu, Fakihi haoni haya.

Nikasema hapana. Kwanza aibu. Pili — nataka aje mwenyewe, kwa miguu yake, siku aliyoisema. Sitaki aje mbio kwa sababu mlango unafungwa.

Chausiku akanitazama kama mtu anayetazama nguo iliyokatwa vibaya.

— Shoga yangu, heshima itawaua nyie wawili.


Alhamisi, 4 Agosti 1994

Chausiku alikuwa na haki. Nimeamka na uamuzi. Nimemfuata mwenyewe kwake asubuhi, sikungoja hata chai. Nikamwambia, mwambie Fakihi. Mwambie aje leo. Aseme hata kwa dirishani.

Chausiku akaniketisha. Najat, wameondoka. Alfajiri. Fakihi na Zahor wamekwenda Bagamoyo kumchukua ami. Barabara ni mbovu, watalala huko, watarudi kesho wawahi sala ya Ijumaa.

Nikarudi nyumbani. Maumivu yamepungua kidogo. Labda ni kazi ya kuinama kwenye kofia. Labda uchovu tu. Mwezi uliopita ulichelewa, na huu unaweza kuchelewa. Ya Rabi, siku moja tu. Hata nusu.

Mama kanunua kuku. Wanalia uani.


Ijumaa, 5 Agosti 1994

Damu nimeiona alfajiri. Adhana ilikuwa bado haijamalizika.

Nilikaa bafuni mpaka maji kwenye ndoo yakapoa. Kisha nikafanya kila kitu kama kawaida. Nikafagia uwanja. Nikamenya vitunguu saumu. Mama anaimba kidogo kidogo jikoni, Mama ambaye haimbi. Sikumwambia. Nilifungua mdomo mara kadhaa, kila nikifungua anasema nipe iliki, nipe ile sinia kubwa.

Wamekuja baada ya sala. Nimeona kwa pazia. Ami yake, mzee mrefu na joho, katoka Bagamoyo yote hiyo. Fakihi kabeba mfuko wa zabibu na lozi. Zahor na kanzu nyeupe, kanyoa ndevu. Ananukia udi hadi chumbani kwangu. Kama siku ya ndoa yetu hasa.

Na Baba mdogo Salumu. Hakualikwa. Kasikia msikitini, kaja. Kakaa karibu na mlango.

Mie niko chumbani, wamesema ningoje. Ndiyo maana naandika, mikono ipate kazi.

Ami kaanza vizuri sana. Kamsalimia Mama, kamwombea marehemu baba, kamwombea Manal. Akasema, kijana wetu alitamka neno kwa uchungu, leo amekuja kulirudisha neno lake mbele yetu mashahidi, na sisi tunamwombea radhi kwa mama mkwe. Mama analia. Nasikia. Zahor akasafisha koo ili aseme.

Baba mdogo akasema: subiri.

Nikasikia kiti kikisogea.

— Subiri, kijana. Rejea ni kwa aliye edani. Kwanza ulizeni kama bado yumo. Hilo ni swali lake mwenyewe, na jibu ni lake, na Mungu anasikia. Akiwa yumo, mimi nanyamaza, mchukue mkeo. Akiwa ametoka, basi hapa pana walii, na walii ni mimi, na neno langu mnalijua.

Ami akasema kweli, ni haki. Nikasikia mfuko wa zabibu wa Fakihi unachakarika. Chausiku bila shaka kamwambia habari ya mgongo wangu.

Nikisema nimo, Zahor atatamka, tutakula pilau, jioni nitakuwa Kipawa. Nyumba yangu. Shati zake. Na nitaishi naye kwa uongo, kila usiku nikijua si mume wangu. Hata mtoto mwingine, tukijaaliwa, nitamzaa ndani ya uongo huo. Nikisema nimetoka, anavaa viatu vyake hapo mlangoni, anakwenda zake na kanzu yake nyeupe. Na Marijani wa Bunju anasubiri.

Mama ameingia. Kaurudisha mlango nyuma yake. Kanga yake imelowa usoni. Hakuniuliza kama wanaume walivyomtuma aulize. Kaukalia ukingo wa kitanda, kaniuliza kama anavyouliza mama. Mwanangu, leo umesali?

Mwanamke aliye na damu hasali, sote wawili tunajua. Naandika. Ananiacha niandike.

Kule sebuleni kikombe kimewekwa kwenye kisahani. Mtu anakohoa, ni yeye, nakijua kikohozi chake. Msala wangu uko pale kwenye kiti, umekunjwa tangu jana, Mama anauona. Anautazama na ananitazama. Kisha anafanya jambo ambalo sijawahi kumwona analifanya, mama yangu asiyekosa kipindi hata kimoja. Ananyanyuka, anauchukua msala, anautandika sakafuni mbele yangu, anaunyoosha pembe zote vizuri, kama mtu amesali hapa sasa hivi tu.

Na anauliza tena, polepole, haniangalii:

— Najat. Umesali, siyo?